Nakala Tatu

Siku ile pale Mkunguni nilishinda mimi.
Nasema mapema, msije mkadhani nasimulia kushindwa.

Famau Shekuwe alikuwa amesimama juu ya benchi la simenti,
shati limemganda mgongoni,
akisema matuta ya mchanga ya Shela ndiyo mtungi wetu:
mvua inanyesha huko, mchanga unaichuja,
mji mzima unakunywa.
Tukizidi kuyajengea, akasema,
tukizidi kuyatoboa mashimo ya choo,
tutakunywa chumvi, na vyenginevyo tusivyotaka kuvitaja.
Mkononi ana karatasi ya Bi Rukia Badi wa maabara,
imejaa tarakimu. Hakufika tarakimu ya pili.

Nikainua simu yangu.
Na lango la nani hili, Famau?
Lango la mvule, misumari ya shaba,
na nyuma yake, waziwazi kama jino la dhahabu,
tuta la mchanga lililokatwa ubavu.

Mungu wangu, zile kelele!
Simu ikapita mkono kwa mkono, ikarudi na jasho la watu ishirini.
Mgombea wetu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametaja neno maji,
akanikumbatia kama mwana aliyerudi kutoka Arabuni.
Usiku nikamalizia kwa ubeti,
nikaubandika kwenye mlango wa duka:

    Wakataza kuchimbia, nawe huko una choo,
    Wenzio wahubiria, nyumbani huna kioo?
    Waadhi ulotujia, umekwama kwenye koo,
    Usafi kwako anzia, shika fagio na ndoo.

Watoto waliuhifadhi kabla ya sala ya adhuhuri.
Nilipopita Langoni kununua mkate wa mofa, sikulipishwa.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa kalamu ya risasi,
nyuma ya karatasi ya maabara:

    Choo nalijichimbia, sivunji chako kioo,
    Jina nimeitikia, mnafiki mwenye choo,
    Chumvi ilotuingia, inashuka kwenye koo,
    Nami nikishakimbia, nani atajaza ndoo?

Nililisoma, nikacheka.
Nikalisoma tena.
Vina vyangu vyote alikuwa amevitumia,
hata choo hakukiacha.
Nikageuza karatasi. Tarakimu, hadi chini,
zile tulizomzuia kuzisoma.
Kisima cha Langoni. Kisima cha skuli. Mfereji wa msikitini.
Safu ya mnafiki haikuwemo.
Nani kasema, ana nyumba wapi, ni wa chama gani:
Bi Rukia hakuyapima hayo.

Wateja wakaniuliza, utamjibu lini?
Nikasema natafuta kina.
Na kweli nilitafuta, usiku wa kwanza na wa pili,
ila kilichonikalia kooni hakikuwa kina.

Mwaka juzi, mwezi wa Rajabu, Famau aliingia dukani kwangu
na hati ya kile kiwanja.
Niliichapa mimi. Nakala tatu, shilingi mia mbili na hamsini.
Nikamwambia hongera, pahala pazuri, upepo mwanana.
Ndivyo nilivyolijua lango.

Hilo hakuna aliyelipigia kelele.
Na hata wangelipigia,
tungekuwa wawili tu, mimi na Famau,
tumevuliwa nguo mbele ya watu,
na ndoo vile vile.

Jana mama alitia sukari vijiko vinne, akaonja, akatia cha tano.
Hakusema kitu. Alinitazama tu,
kama anayetazama mtu aliyeshinda.
Nje, punda wa jirani alinusa maji
akageuza shingo upande wa pili.

Ubeti wangu bado uko mlangoni.
Gundi ya upande mmoja imeachia;
kila mteja anapoingia, upepo ukimfuata,
karatasi inapiga makofi.