Mizani ya Kiboriloni

Mwaka huu pia mji haukuanguka.
Kuta za Kostantinia zimesimama, redio imesema,
Kaisari wa mia moja na ngapi sijui amevishwa taji,
na kahawa imepanda senti nne.

Mimi ni karani wa mizani, Kiboriloni.
Kaisari namjua kwa muhuri wake tu:
tai mwenye vichwa viwili juu ya gunia,
kimoja kinatazama Kibo, kingine Mawenzi,
kama mtu anayehofia kuibiwa pande zote.

Theofilakto ndiye mnunuzi wake.
Suti nyeusi, kikokotoo, harufu ya ubani.
Ukimwita Mgiriki ananuna mpaka saa sita.
"Sisi Warumi, mama. Warumi, tangu zamani."
Radomiri ni Mbulgaria, jirani yao wa kaskazini.
Anakuja na lori kuukuu na fedha taslimu,
na benchi alilokalia Mrumi halikalii.

Nilimuuliza kisa. Akafumba macho yote mawili,
akafumbua moja.
"Watu elfu kumi na tano. Kaisari wao aliwatoboa macho.
Katika kila mia alimwachia mmoja jicho moja,
awaongoze wenzake nyumbani."
Nikauliza lini, nikidhani ni vita vya baba yake.
"Miaka elfu moja iliyopita,"
na sauti ilikuwa ya jana jioni.

Sikucheka. Sisi wa Kibosho
hatujamalizana na Machame habari ya mfongo,
na mfongo wenyewe ulishakauka.
Himaya ikifa, majirani hugawana mawe yake,
wakajengea mazizi ya mbuzi, wakasahau.
Ikiishi, kila kaburi hubaki na mdai.

Basi asubuhi ya mnada
nilikata isale mpakani mwa kihamba chetu,
nikalifunga fundo, nikaliweka juu ya mizani
katikati ya magunia yao.
Kwetu ukiletewa jani hilo,
hata aliyekuulia ndugu humnyimi msamaha.

Mrumi aliliondoa kwa ncha ya kalamu:
"Linaongeza uzito."
Mbulgaria aliliokota chini,
akafutia tope kiatuni.

Nikaandika daftarini: Rumi, gunia arobaini.
Bulgaria, gunia thelathini na nane.
Na chini kabisa, kwa penseli:
jani moja, uzito haukusomeka.