Safu ya Nne

Mwaka nilipokabidhiwa daftari hili,
safu ya nne, "vidonda vya utumbo, visivyopona",
ilikuwa na majina mawili, yote ya wageni.
Daktari Oluchina akacheka: huu ni ugonjwa wa nchi za baridi,
umekuja kwa ndege, utarudi kwa ndege.

Haukurudi.

Ulianzia Lavington, kwa mtoto wa wakili.
Kisha Donholm. Kisha fundi viatu wa Kariobangi
aliyemeza dawa za amiba miaka sita,
akaambiwa taifodi, akaambiwa taifodi tena,
hadi akajua kila choo kati ya Gikomba na kwake,
na bei yake.

Leo nimehesabu kumi na tisa, na mwezi haujaisha.
Sijui kama ugonjwa umezidi
au ni sisi tuliopata taa ya kumulikia.
Ramani ukutani imejaa pini hapa mjini;
Mandera ni nyeupe, Turkana nyeupe.
Weupe huo si afya.
Ni kamera isiyofika.

Kwamboka ananiuliza: ni chipsi, ni mawazo, ama nimerogwa?
Namwandikia namba.
Namwonyesha choo kilipo
kabla hajauliza.