Dawati la Kumi na Nane

Mwalimu mkuu kanikabidhi karatasi:
madawati kumi na saba, madarasa kumi,
misumari ni yangu mwenyewe.

Nikaanza chini, kwa chekechea,
ambako meza hunifika gotini
na kila aliyeketi ana swali.
"Babu, nyundo yako hulala wapi?"
Mimi si babu, sijafika hata hamsini,
lakini nyundo kweli hulala: kwenye mfuko wa unga,
chini ya kitanda, Kisauni.
Nikawaambia. Wakaridhika,
wakarudi kufinyanga ng'ombe wa udongo,
mmoja ana miguu sita, "ndiye mwenye mbio."

Gredi ya kwanza ni ba, be, bi, bo,
na wakifika bu wote hupiga meza,
na meza ndizo nilizoitiwa.
Nikasubiri mpaka nya, nye, nyi,
nikapigilia kati ya pumzi zao.

Gredi ya tatu, imla.
Bi. Mwanasiti asoma polepole, kama anayemwaga mafuta:
chura kachupa juu ya chungu.
Mimi ni chali chini ya dawati la Mbeyu,
na huku chini kuna elimu nyingine:
kokwa za mabuyu zilizogandishwa kwa mate,
saba mara nane, kwa kalamu nyekundu,
na jina la mtu aliyechonga nusu
kisha kengele ikalia.

Gredi ya nne wakaniazima skwea.
Mwalimu kainyanyua juu: "Hii hapa, pembe mraba!"
Shingo arobaini zikageuka kukitazama
chombo nilichokibeba miaka ishirini
bila kujua kina jina la darasani.

Mimi niliishia hapo, darasa la nne.
Mwaka ule baba alivunjika nyonga bandarini,
karo ikageuka dawa.

Kwa hivyo gredi ya tano niliingia kwa kubisha hodi.
Mara mbili, ingawa mlango ulikuwa wazi.
Mwalimu Nyevu, vumbi la chaki hadi kwenye viwiko,
alikuwa ameandika: nusu gawanya kwa robo.
Kimya. Feni ilizunguka kwa uvivu.
Dzombo akasema, "Moja juu ya nane."
Mwalimu hakumkataa. "Njoo utuoneshe."
Kijana akakunja karatasi, akaikunjua,
akaikunja tena, jasho puani.

Mimi ubao wa nusu mita nimeukata mara ngapi
kwa vipande vya robo?
Jibu nilikuwa nalo.
Nilikuwa pia na misumari minne mdomoni.

Dawati lao bovu lilikwisha zamani.
Nikasogea kwa lingine, zima, la dirishani,
nikalitikisa, nikaguna kama daktari,
nikalilaza ubavu
na kupigilia msumari pasipo na ufa,
taratibu, taratibu,
hadi Dzombo alipozihesabu robo zake kwa kidole
na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa,
"Kumbe mbili tu!"

Gredi ya saba walikuwa wakichuja maji ya kisima
kwa chupa, mchanga na makaa;
yalitoka meusi kuliko yalivyoingia,
wakacheka hadi mwalimu akacheka.
Gredi ya tisa, magoti hayaingii chini ya meza.
Hapo sikusikia somo lolote.
Binti mmoja, Nasubo, alinishikia ubao bila kuombwa.
"Fundi, kazi hii ulisomea wapi?"
Nikamwambia, "Kaza hapo. Usiachie."

Jioni nikaandika ankara: kumi na saba.
Mwalimu mkuu akalamba kidole, akahesabu noti,
akauliza mbona gredi ya tano
imenila asubuhi nzima.

Nikasema mbao zao ni ngumu.