Sekunde Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyemrekodi.
Nianzie hapo, kabla sijapata maneno ya kujifichia.

Ilikuwa Isyonje, asubuhi, ukungu umekalia viazi,
na dalali ameshindilia gunia mpaka likaota
shingo, kichwa na kofia.
Lumbesa kamili. Akataja bei.

Mama Tusekile akacheka.

Kichwa nyuma, kitenge kinateleza begani,
pengo la jino la juu linapokea baridi.
Sekunde kumi na moja.
Nikairusha kabla chai haijapoa.

Adhuhuri alikuwa Sumbawanga. Usiku, Mombasa,
anacheka timu iliyofungwa,
anacheka mchumba aliyeahidi gari.
Walimkata mabega, wakamwondolea gunia,
wakaung'oa mlima wote wa Uporoto nyuma ya kisogo chake,
akabaki uso, mdogo kama kifungo cha shati,
wa kubandika mwisho wa sentensi za watu.
Wakampa na jina: Bibi Raha.
Kana kwamba Tusekile, kwa Kinyakyusa,
halikuwa na kicheko chake tayari.

Basi magari yakaanza kusimama.
"Bibi Raha, hebu cheka kidogo."
Siku ya kwanza alicheka, kwa heshima ya wageni.
Ya pili alicheka, wakanunua sado moja.
Ya tatu nikamkuta nyuma ya kibanda
na kioo cha pikipiki mkononi,
anajifunza.
Mdomo hivi. Hapana, hivi.

Nilitaka kuifuta. Ningefuta nini?
Yalishamwagika, tena katika simu za watu
nisiowajua hata kwa kivuli.

Jumamosi wakaja vijana wanne kutoka Mwanjelwa
na taa ya duara.
"Nani anatazama?" akauliza.
"Elfu sitini, mama. Sasa hivi."
"Wananiona?"
"Wanakuona."
"Na kusikia wanasikia?"
Akanituma mizani ya kwa Mwasenga.
Tukalipandisha gunia la dalali, watu wawili na goti,
mshale ukapita mia, ukapita mia na ishirini,
ukagota mia arobaini na mbili.

"Hiki," akasema, "ndicho nilichokicheka."

Kisha akanyamaza. Uso ule ule,
bila kitu juu yake.
Dakika nzima.
Nikaona namba inashuka:
arobaini elfu, kumi na tisa, sita.
Mmoja akaandika: *Bibi Raha kaisha.*
Mwingine: *Huku Makete kofia ni ndefu zaidi.*
Mwingine akamtumia picha yake mwenyewe,
ile ya kifungo, inacheka,
akambandika juu ya kimya chake.

Dalali hakuonekana wiki ile.
Aliporudi, gunia halikuwa na kofia.
Shingo ilibaki.

Juzi akaniuliza: "Ile ya kwanza unayo?"
Nikampa simu. Akaitazama mara tatu,
kidole gumba chenye udongo kimekanyaga kona ya kioo,
kama anayemtazama ndugu aliyehama zamani
bila kuaga.
"Huyu," akasema, "alikuwa karibu kulia.
Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Hukuona?"

Sikujibu. Ukungu ulikuwa unapanda tena.
Akanirudishia simu, akapangusa mikono,
akaniuliza kama nanunua
au nimekuja kusimama tu.