Mla Majani wa Ukutani

Kitendawili.
Sema "tega", Umazi, usininunie;
najua nimechelewa, na unga sikuleta.

Mdomo wa kobe, meno mawili ya ngiri,
kiwiliwili cha pimbi.
Nyumba yake shimo, chakula chake majani.
Nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji.
Malindi usinipe, ina wenyewe.
Nipe Mambrui, hata nusu.

Leo lori limemwaga mawe ya Mazeras
pale Casuarina, kwenye jumba tunalojenga.
Nikagonga moja, likapasuka
kama muhogo uliochemka,
na ndani fuvu, dogo kuliko kifuu,
meno mawili yakining'inia,
na ubavuni mwake fuvu la pili limeegemea.
Wamejikunja, Umazi,
kama sisi ule usiku wa mvua
bati lilipong'oka.

Mwaringa akaja na futi kamba yake:
"Hilo lina ufa. Vunja kokoto."
Nikamwuliza, unajua hawa walikula nini?
Akasema, "Najua nani hatakula leo."

Ila Nzai, yule mchota maji
aliyeacha shule kidato cha tatu kwa karo,
akainama, akanong'ona:
hawa ni wa kale, kabla ya twiga,
kabla ua la kwanza halijafunguka popote.
Jua likiwaka walijichimbia chini,
likipoa wakatoka kutafuna mabua.
Tena ni jamaa zetu,
jamaa wa mbali mno,
upande wa wote wanyonyeshao.

Jamaa!
Jamaa zangu mimi nawajua kwa madeni.
Hawa hawajanidai hata shilingi.

Basi nikafanya hivi, usimwambie mtu.
Mwaringa alipokwenda kuswali
nikakoroga saruji laini,
nikawalaza kwenye ukuta wa jikoni,
nyuso ndani, wasipigwe na mwanga,
nikachora jani kwa ncha ya msumari,
nikapiga lipu juu yake.

Mwenye nyumba atakuja Desemba na wageni.
Mpishi atakata mchicha, atatwanga thumu,
na inchi mbili nyuma ya chokaa
wazee wawili wasio na pua
watageuza shingo.

Pesa? Nimekatwa nusu siku.
Nina hili fungu la mchicha tu, limenyauka.
Usilipike lote.
Zima taa. Sogea,
upande huu, wa ukutani.