Bidoni Arobaini

Sikumcheka. Niliseme hilo kwanza.
Waliocheka walikuwa wengi; mimi nilikuwa na chukudu,
na mwenye chukudu hamcheki anayemlipa.

Kiwanja cha Kavugho kiko Majengo.
Kilikuwa kiwanja. Volkano ilipita, ikachoka,
ikalala juu ya jiko la mama yake,
na tangu hapo ni jiwe jeusi, kavu, lenye meno.
Mbuzi hupita hapo bila kuinama.

Akasema: hapa nitafuga samaki.

Kasereka mwenye redio akatikisa kichwa, akasema
amesikia kuna nchi, kwenye mchanga mtupu,
watu wanachimba, wanatia maji ya chumvi, wanavuna kamba.
"Jangwa lao la njano, langu jeusi," Kavugho akajibu.
"Samaki anajua rangi?"

Miezi mitatu nyundo. Ko. Ko. Ko.
Mapande akawauzia wajenzi,
shimo likabaki lake.
Akalitandika turubai jeupe la kambini;
maandishi yake bado yanasomeka chini ya maji
kama barua iliyomponyoka mtu.

Nikapandisha bidoni kutoka ziwani, nane nane,
kifua juu ya mpini, mawe yakitafuna gurudumu.
Ziwa si mbali. Hilo ndilo lililowavunja mbavu:
ziwa lote lile, mama, unaliomba kwa bidoni?
Yeye alikuwa anahesabu.
"Tulipatana arobaini. Hizi thelathini na tisa."
Kweli. Moja ilipasuka kwenye mpando, nikanyamaza.
Mvua ikaongeza zake, bila hesabu.

Vifaranga mia mbili.
Usiku wa tisa wakapanda juu wote, midomo wazi,
wanaonja hewa kama watoto wanaoonja mchuzi.
Na hapa kwetu hewa yenyewe huweza kuua:
mazuku hutoka ardhini, hujilaza mashimoni,
huanza na kuku.
Kavugho akashusha koroboi kwa kamba, polepole,
mpaka usawa wa maji.
Moto ukasimama.
Si mazuku, basi. Maji tu yamechoka.
Akashika sahani ya bati,
akachota, akamwaga kutoka juu, akachota,
akamwaga, mpaka adhana, mpaka kengele ya misa,
mpaka mimi nikapita na mzigo wa makala
nikamkuta mkono umevimba, bado unachota.

Walikufa sitini. Aliwahesabu hao pia.

Juzi amenilipa deni kwa samaki wawili
wamefungwa kwenye jani la mgomba.
Mke wangu akawageuza, akawanusa.
"Wa ziwani?"
"Wa jiweni," nikasema,
na nikaona aibu kidogo, sijui kwa nini,
kama mtu aliyejisifia mtoto wa jirani.

Kesho anataka arobaini nyingine.
Anasema safari hii
atanisubiri kulekule ziwani.