Kutu

Miaka thelathini na moja nimepulizia magari rangi
kule Ghala, nyuma ya maduka ya matairi,
na mtu akija na Landkruza yake kutoka Sur,
mlango umeliwa na chumvi kwa chini,
swali lake lilikuwa hilo hilo: Imeingia?

Na jibu langu hilo hilo:
Sijui, bwana, mpaka nibandue.
Kutu ya juu hupigwa msasa, ikapakwa puti, ikasahauliwa.
Iliyotoboa bati, bati hukatwa.

Leo mlango ni mimi.

Ilianza Shaabani, katika choo cha gereji:
mkojo rangi ya komamanga.
Nikailaumu bitiruti ya Rayya.
Wiki ya pili hapakuwa na bitiruti mezani.

Daktari wa Bausher akapitisha kamera nyembamba kama waya wa breki,
akakiona kinyama kimeota ukutani mwa kibofu.
Akauliza sigara. Nikasema, zamani.
Akauliza kazi. Nikamwonesha kucha.

Kabla ya kisu, alisema, picha.
Nataka kujua imezama mpaka wapi.

Kwanza walinipiga picha ya macho,
wakitafuta chembe za chuma zilizosahauliwa na grenda.
Hazikuwamo. Ile miwani niliyoitukana miaka yote
ilikuwa imenilinda kimya kimya.
Nikavua kanzu, saa, pete ya fedha.
Nikanywa maji, nikakatazwa haja:
kibofu kikiwa kitupu hujikunja,
kikifurika mgonjwa hatulii.
Saa nzima nikaupima uungwana wangu kwenye kiti cha plastiki.

Msichana wa zamu alinisemesha Kiarabu
mpaka nilipolalia ubao ule nikaguna, "Ewe Mola, baridi hii!"
Akacheka. "Kumbe mwenzetu! Bibi yangu wa Wete."
Jina lake Zuwena. Na humo ndani ya bomba jeupe
sauti yake ikanijia masikioni kwa lugha ya mama yangu:
Usijitikise. Pumua kidogo kidogo. Bado dakika nne.

Mashine ikaanza. Wallahi, nyundo za Bashiru
akinyoosha boneti, asubuhi, kabla ya chai.
Karibu nimwite apunguze.

Kisha wakanitia rangi mshipani.
Mimi! Rangi!
Ikanipanda begani, baridi, bila harufu ya thina.

Alasiri Daktari Thuria akanigeuzia kioo.
"Huu mweupe ni mkojo. Hiki cha kijivu ndicho chenyewe.
Na huu mstari mweusi ni msuli.
Ukiwa mzima, tunakwangua kwa ndani, unarudi kwako.
Ukiwa umekatika..."
Akatafuta neno.
"Bati hukatwa," nikamsaidia. Hakunielewa.

Mstari wenyewe mwembamba, uzi wa kofia.
Nikaufuata kwa kidole bila kugusa kioo:
ukaenda, ukazunguka, ukaenda,
na upande wa kushoto, chini ya kile cha kijivu,
ukafifia kama kalamu inayoishiwa wino.

"Umekatika?"
"Tunatoa alama, moja mpaka tano.
Mbili ningekupongeza. Tano ningekuambia.
Hapa nimeandika tatu."
"Na tatu ni nini?"

Akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi.
"Tatu ni sijui, mpaka tubandue."

Nilicheka hata muuguzi akachungulia mlangoni.
Kumbe ndivyo walivyokuwa wakisimama,
wale watu wa Sur, wa Sohar, wa Ibra,
funguo mkononi, wakinitazama mdomo.

Rayya alikuwa garini, kipoza hewa kinavuma,
kofia nusu mapajani, uzi menoni.
Hakuuliza. Nikasema, "Jumapili, saa mbili asubuhi."
Akakata uzi.

Kabla sijapanda nikakiona, chini ya kitasa cha mlango wetu,
kilengelenge cha rangi, kadiri ya punje ya dengu.
Nikakiwekea ukucha.
Nikauondoa.